Taa Nane za Karani wa Mizani

Saa kumi na mbili na dakika thelathini na nane za jioni, siku ya Jumamosi, taa nane za nyumba ya Karani ziliwaka kwa pamoja, na hakuna mtu mle ndani aliyekuwa amegusa swichi. Majirani waliosimama uani walipiga makofi. Mama muuza maandazi wa nyumba ya pili akapiga kigelegele. Mimi nilikuwa juu ya ngazi barazani, bisibisi mkononi, na nilikuwa nimeridhika na kazi yangu.

Karani hakupiga makofi. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mbao, shingo ameinyoosha mbele kama mtu anayechungulia kwenye tundu la mlango.

"Nani amewasha?" aliuliza.

"Kijana wako, Karani!" alisema mama muuza maandazi. "Yuko Dar huko, kabonyeza simu tu. Dunia hii jamani!"

"Yuko Dar?"

"Dar kabisa."

"Kwa hiyo na kuzima anaweza."

Watu walicheka. Nami nilicheka, kwa adabu tu, kwa sababu kijana wake mkubwa ndiye aliyekuwa ananilipa.

Mjini Bariadi watu wengi walimwita Karani, hata watoto waliozaliwa miaka mingi baada ya yeye kuacha ukarani. Alikuwa mpimaji wa pamba kule Kasoli, kwenye ghala la chama cha msingi, kwa misimu ishirini na sita. Mkulima akileta pamba, yeye ndiye aliyesoma mizani na kuita uzito kwa sauti ili mwandishi aandike. Kazi hiyo haimpi mtu marafiki. Mnunuzi anataka kilo zipungue, mkulima anataka ziongezeke, na mpimaji amesimama katikati na sauti yake tu.

Kila asubuhi, kabla ya gunia la kwanza, alipandisha kwenye mizani jiwe la chuma la kilo ishirini mbele ya wakulima wote, akawaacha wasome wenyewe. Baada ya chakula cha mchana alilipandisha tena. Mnunuzi mmoja alimwuliza kama mizani inaweza kuharibika wakati watu wanakula ugali. Karani alimjibu, "Sijui. Ndiyo maana napima." Alikuwa na tabia ya kuingiza mkono ndani ya gunia mpaka kiwiko, kutafuta mchanga na pamba iliyomwagiwa maji. Mama yake mzazi alikutwa na gunia bichi. Karani alilirudisha, akamwambia akalianike. Mama yule alimaliza msimu mzima bila kuitikia salamu yake, na kwa Wasukuma, mzazi kukaa kimya mwanawe anapomwambia "mwangaluka" asubuhi si jambo dogo. Karani aliendelea kumsalimia kila siku. Gunia nalo lilirudi likiwa kavu, na lilikuwa limepungua kilo sita.

Nilimfahamu kwa miaka kumi na tisa. Mimi sikusomea umeme popote. Nilijifunza kwa kufungua vitu vilivyokufa na kusoma vijitabu vinavyokuja ndani ya maboksi, vile ambavyo wenzangu huvitupa. Nilipofungua duka langu la vifaa vya umeme, Karani alikuwa mteja wa tatu. Alitaka soketi moja. Aliichomeka na kuichomoa pale kaunta mara kumi, akihesabu kwa sauti.

"Mzee, mara tatu zingetosha," nilimwambia.

"Mara tatu hata mbovu inavumilia."

Nilikasirika siku ile. Baada ya mwezi nilianza kufanya hivyo hivyo kabla ya kuuza chochote, na wateja wangu waliorudisha vitu walipungua. Sikuwahi kumwambia kwamba nilimuiga. Alijua, nadhani, kwa sababu siku moja alinikuta nahesabu, akakaa kwenye benchi mpaka nikafika kumi, ndipo akanisalimia Kisukuma, "Mwadila, fundi," kama vile ndiyo kwanza anaingia.

Wengi walidhani mtu wa namna ile anachukia mambo mapya. Si kweli. Alikuwa wa kwanza mtaani kwake kuweka sola. Mizani za kidijiti zilipokuja Kasoli, wenzake walizinung'unikia, yeye alizipenda kwa sababu hazitikisiki kwa upepo. Alizipandishia jiwe lake, zikasoma ishirini, basi akazikubali. Kitu alichokichukia kilikuwa kifaa kisichoweza kuonyesha kwamba kinasema kweli.

Lakini sitaki kumfanya mtakatifu. Alikuwa mgumu wa mkono na mgumu wa maneno. Mke wake, Mungu amrehemu, akitoka dukani na kilo mbili za sukari, Karani alizipima upya kwa mizani ndogo ya jikoni, mbele ya wageni. Watoto wake walikua wakipimwa vivyo hivyo: nauli waliyotumia, dakika walizochelewa. Kijana mkubwa aliniambia siku moja, bila kutabasamu, "Fundi, mimi nyumbani nilikuwa gunia." Nayaandika haya kwa sababu yaliyotokea baadaye hayakuanzia kwenye taa.

Na mtu huyu aliyedai ushahidi wa kila kitu alidanganya watu kwa miaka miwili kuhusu macho yake. Alikuwa na presha ya macho. Ugonjwa ule unakula pembeni kwanza, kisha unasogea ndani, mpaka mtu anabaki anaona kama anapitia kwenye mrija. Yeye alihesabu hatua. Kumi na nne kutoka mlangoni hadi barabarani, tisa hadi jikoni. Asubuhi alisikiliza habari redioni, kisha akakaa barazani na gazeti na kusimulia habari zile kana kwamba anazisoma. Nilimgundua kwa sababu gazeti lilikuwa la juzi. Sikumwambia mtu.

Kwenye mwanga mkali aliona vya kutosha. Aliona kizingiti, aliona moto wa jiko la gesi, aliona uso wa aliyesimama mbele yake. Kwenye mwanga hafifu hakuona kitu. Kwa hiyo, mkewe alipofariki na siri ya macho ikafichuka, jambo lilikuwa wazi kwa kila mtu: nyumba ikiwa na taa za kuaminika, Karani angeweza kuendelea kuishi kwake. Zisipokuwepo, angehamishiwa Dar es Salaam kwa kijana wake. Yeye mwenyewe alisema hivyo dukani kwangu, bila kulalamika.

"Nataka taa ambazo hazitaniondoa," alisema.

Tulichagua kwa siku mbili. Nilimwekea kaunta aina zote nilizokuwa nazo: balbu za kuunganishwa na simu, swichi za mguso, taa za sensa zinazowaka mtu akipita. Alianza na swali ambalo hata wauzaji wa Kariakoo hawalijibu vizuri.

"Umeme ukikatika ukarudi, hii inarudi ikiwa nini?"

"Inarudi ikiwa imewaka," nilimwambia kuhusu balbu za simu. "Kiwandani wameziweka hivyo. Unaweza kubadilisha, lakini balbu moja moja."

"Hata kama niliizima?"

"Hata kama uliizima."

"Basi haikumbuki. Na bando likiisha?"

"Swichi ya ukutani inafanya kazi. Lakini ukiizima ukutani, simu haiipati tena."

"Kwa hiyo ina mabwana wawili." Aliisukuma pembeni. "Na hii ya sensa?"

Ile ilikuwa taa ya kawaida kabisa, yenye betri yake ndani, haihitaji simu wala mtandao. Aliniambia nizime meni swichi ya duka. Nilizima. Akapunga mkono, taa ikawaka. Alipunga mara kumi. Kisha akachagua: taa nne za sensa, kwa ukumbi, jikoni, chooni na barazani, na kwa chumba chake swichi mbili pana zenye kitaa chekundu kidogo kinachoonyesha zilipo gizani. Hivyo tu. Mpaka leo, mtu akiniuliza afunge nini nyumbani kwa mzazi wake, namtajia orodha ile ile bila kuongeza kitu.

Kijana wake mkubwa alifika Jumatatu iliyofuata akiwa na katoni kutoka Dar: balbu nane za simu, ruta, kamera moja ya sebuleni, na kidude cha duara cha kuamrishwa kwa sauti. Alikuwa amevaa vizuri, ana haraka, na ana heshima. Aliisoma orodha ya baba yake akaikunja.

"Fundi, vitaa vya sensa ni vya stoo ya mahindi. Mimi niko mbali, nataka nione. Mzee akianguka mimi nitajuaje?"

"Mzee ameshachagua," nilisema.

"Mzee atachagua mpaka lini? Wewe funga hivi. Halafu kuna rafiki yangu anamalizia nyumba ya wageni hapa hapa Bariadi, vyumba ishirini na viwili. Anatafuta fundi anayeelewa mambo haya."

Nilifunga. Swali lake kuhusu kuanguka halikuwa la kijinga, na nimejaribu mara nyingi kujificha nyuma yake.

Kidude cha sauti kilikuwa kichekesho cha mtaa kwa wiki nzima. Kilielewa Kiingereza tu. Karani alikisogelea akasema, "Washa taa ya jikoni." Kikajibu kitu kirefu. Akasema tena, polepole. Kikaanza kupiga muziki.

"Mwambie kwa Kizungu, Karani!" alisema mama muuza maandazi.

"Huyu ni mgeni, mpe maji kwanza," Karani alijibu. "Akitulia tutamwuliza kabila lake."

Lakini hakucheka. Alikifunika kwa sufuria.

Sasa nieleze kosa langu kwa usahihi, maana ni dogo na linaelezeka. Siku ile ya makofi nilipaswa kuingia kwenye mpangilio wa kila balbu na kubadilisha ile hali ya kiwandani, ili umeme ukirudi balbu ibaki ilivyokuwa. Balbu nane, kama dakika moja kwa kila balbu. Nilipofika ya kwanza bando lilikwisha. Nilimwambia Karani nitarudi kesho. Kesho yake nilienda kuangalia nyumba ya wageni. Kesho kutwa pia. Sikurudi.

Msimu ule umeme ulikuwa ukikatika na kurudi kila siku, mara nyingi usiku. Kila uliporudi, balbu zote nane, ambazo kijana alizizima kwa simu wakati wa kulala, ziliwaka, na programu ya simu kule Dar ikaandika: imewashwa. Asubuhi Karani alizizima kwa swichi za ukutani hadi jioni, kwa hiyo programu ikaandika kwamba balbu zimepotea. Kwa mtu aliyekaa Dar na simu yake, ilionekana mzee anazunguka nyumbani usiku kucha akiwasha taa, na mchana anaharibu vifaa. Kamera nayo ilionyesha ndani ya sufuria ya pili.

Baada ya wiki saba waliitisha kikao cha familia, Jumapili baada ya kanisa. Alikuwepo kijana mkubwa, dada yake aliyetoka Dodoma, na mimi niliyeitwa "kwa mambo ya kitaalamu." Karani alikuwa amevaa koti. Kijana alisoma kwenye simu.

"Jumanne. Jikoni, saa nane na dakika sita usiku. Ukumbi, saa nane na dakika sita. Chooni, saa nane na dakika sita. Barazani, saa nane na dakika sita..."

"Soma tena dakika," Karani alisema.

"Baba, tusifanye ubishi."

"Sibishi. Soma dakika. Ni zile zile?"

"Ni zile zile."

"Mtu mmoja, macho haya, anawashaje taa nane vyumba sita kwa dakika moja?"

Yule dada alimtazama kaka yake. Kwa sekunde chache nilidhani kila kitu kimekwisha salama.

"Labda ulikiambia kile kidude kiwashe zote," alisema kijana.

"Kwa Kizungu gani, ng'wanawane, mwanangu?"

Dada alicheka kidogo, kisha akaanza kulia, kwa sababu alikuwa amekuja tayari kulia. Karani akaelekeza uso wake kwangu, akanitafuta mpaka akanipata.

"Fundi. Waambie. Umeme ukirudi, zinarudi zikiwa nini?"

Nilijua jibu kwa ukamilifu wake. Nilijua pia kwamba jibu hilo lingefuatwa na swali la pili, kwa nini sikubadilisha, na kwamba kijana aliyekaa mbele yangu bado hakuwa amempigia rafiki yake wa nyumba ya wageni ili nipewe kazi ile.

"Inategemea," nilisema. "Wakati mwingine ni mtandao."

"Inategemea nini?" Karani aliuliza.

"Mambo mengi, mzee."

Aliendelea kunielekezea uso kwa muda. Ndivyo alivyokuwa akitazama gunia lililotiwa mchanga; simulizi zake zilikuwa zimenionyesha. Kisha akawageukia wanawe akasema, "Haya," na ndilo neno lake la mwisho katika kikao kile.

Waliondoka naye Jumatano. Alikataa kushikwa mkono hadi kwenye gari. Hatua kumi na nne.

Jioni ya Jumatano ile nilifungua daftari langu la dukani, ambamo huandika kila saa umeme unapokatika na unaporudi, kwa ajili ya kujua vifaa vya wateja vimeungua lini. Bado nilikuwa na namba ya siri ya programu. Niliziweka orodha mbili, ya daftari na ya programu, ubavu kwa ubavu kwenye jedwali. Zililingana mstari kwa mstari, tofauti ya dakika moja au mbili, wiki zote saba. Hakukuwa na hata taa moja iliyowashwa usiku na mkono wa mtu. Kwa usiku wote ule, mzee alikuwa amelala.

Nilikaa na jedwali lile siku kumi na moja. Nilipomtumia kijana, alinijibu kwa picha ya kidole gumba na maneno machache: "Asante fundi. Ila tumeshapata mteja wa nyumba."

Nilimwona Karani mara moja tu baada ya hapo. Mwaka uliofuata nilishuka Dar kununua mzigo, nikampigia kijana, akanielekeza. Ni nyumba nzuri, ina geti linalojifungua. Mfanyakazi wa ndani alinipeleka chumba cha nyuma. Ilikuwa saa tisa mchana, lakini mapazia mazito yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya kiyoyozi, na mwanga wote ulitoka darini.

"Mwadila, baba," nilisema.

"Mwadila. Sauti ya fundi." Hakuonyesha mshangao. "Kaa. Kuna kiti kushoto kwako, hatua mbili."

Tuliongea kuhusu mvua, bei ya pamba, nani amekufa. Katikati ya mazungumzo taa ilizimika. Karani alinyanyua mkono wa kulia, akaupunga juu ya kichwa chake mara mbili, bila kukatiza sentensi. Taa ikawaka. Baada ya dakika kumi ikazimika tena, akapunga tena.

"Ni sensa," alisema. "Ukikaa kimya inadhani hakuna mtu."

"Inaweza kurefushwa muda, mzee. Ni mpangilio tu. Nikipata simu ya kijana..."

"Acha."

"Ni dakika moja."

"Najua ni dakika moja."

Nilimweleza basi kuhusu daftari. Nilimweleza yote: bando, kesho, kesho kutwa, mistari iliyolingana, siku kumi na moja. Alisikiliza bila kusogea, kwa hiyo taa ikazimika, na safari hii hakunyanyua mkono. Nilimalizia maelezo yangu kwenye giza la saa tisa mchana. Nilidhani atanitukana kwa Kisukuma, na ningefurahi.

"Nyumba yangu nani anakaa?" aliuliza.

"Mfanyabiashara wa dengu. Ameifanya ghala."

"Waliiuza vibaya?"

"Sijui waliuza kiasi gani."

"Na wewe? Kazi ya kwangu na ile ya vyumba ishirini na viwili. Ulipata kiasi gani?"

Nilimwambia milioni moja na elfu kumi.

"Hiyo ni pamoja na gunia," alisema. Sauti yake ilikuwa ile ya ghalani, ya kuita uzito ili mwandishi aandike. "Nyaya, usafiri, chakula cha vibarua, toa vyote. Nataka pamba tupu."

Nilitoa vyote kichwani, nikarudia hesabu mara ya pili ili nisikosee mbele yake, kisha nikamwitia: shilingi laki nane, sabini na tano elfu, na mia tano.